Hongera za Kila Ijumaa

Mtu akinipongeza siku hizi, kwanza naangalia mikono yake. Mdomo nauacha useme, useme mpaka ukauke, macho yangu mimi yako kwenye vidole. Watu wanadhani ni aibu. Aibu mimi sina hata ya kujaza kijiko. Ni kitu nilichofundishwa na migomba, na aliyeipanda hiyo migomba alikuwa rafiki yangu.

Ilikuwa wakati wa Mdachi, ile miaka reli imeshafika Morogoro mjini. Sisi huku juu milimani Uluguru, asubuhi ya baridi, tulikuwa tunalisikia gari moshi linalia kule chini kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Nilikuwa kijana. Tena ujana wangu haukuwa ujana wa hivi hivi: nikipiga chafya upande huu, kuku wa kilima cha pili wanaingia bandani. Meno nilikuwa nayo yote. Sasa hivi hata ugali unanionea.

Nikampenda binti mmoja wa ng'ambo ya kijito. Jina lake silisemi, ana wajukuu na wajukuu wake wana fimbo. Ila uzuri wake nitausema, huo hauna mwenyewe. Binti yule akiinama kuchota maji, maji yalikuwa yanapanda yenyewe kuingia mtungini. Nimeona kwa macho yangu, na wakati huo macho yangu yalikuwa mazima.

Sasa kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na ardhi ni ya upande wa mama. Ukitaka binti, maneno unayapeleka kwa mjomba wake, kaka wa mama yake. Huyo ndiye anayesema hapa lima, hapa usilime, huyu oa, huyu nenda zako. Na mjomba wa binti huyu alikuwa mtu mfupi, mkavu, hasemi kitu mpaka amalize kutafuna. Hata asipokuwa na kitu mdomoni, anatafuna kwanza.

Akanichukua mpaka kwenye mteremko mmoja wa pori.

"Unaliona jiwe lile kama kobe?"

"Naliona, mjomba."

"Unakiona kijito?"

"Nakiona, mjomba."

Akatafuna. "Kati ya jiwe na kijito pawe shamba. Mvua za masika zikikuta shamba, uje tuzungumze habari ya binti. Zikikuta pori, usije." Akatafuna tena. "Na migomba upande."

Hilo neno la migomba lilinitoa jasho la furaha. Kwetu ukiazimwa kipande cha ardhi ya ukoo wa watu unaambiwa mapema: panda mahindi, panda mihogo, ule, ushukuru, uondoke. Mgomba usiuguse. Kwa sababu mahindi yanavunwa yanaisha, lakini mgomba unazaa na watoto wake wanazaa, na ardhi iliyo chini yake inakuwa ya mkono ulioupanda. Hilo hata mtoto anayenyonya anajua. Kwa hiyo mwenye ardhi akikwambia mwenyewe panda migomba, amekwambia karibu nyumbani. Nilishuka mlima siku ile miguu haigusi chini. Nyayo zangu zilibaki juu, nikaja kuzifuata kesho yake.

Lakini lile pori, ndugu yangu! Lilikuwa limefumana namna ambayo nyoka akiingia anatoka kinyumenyume. Nikaona nikilitazama lote kwa mara moja nitaugua. Nikaligawa kwa Ijumaa. Kila Ijumaa tukitoka kuswali kwenye kile kimsikiti chetu cha fito na nyasi, nasimama nje nasema kwa sauti: "Ijumaa ijayo, inshallah, nitakuwa nimefika kwenye kisiki kile." Au kwenye mkuyu ule. Au kwenye kichuguu. Nasema kwa sauti ili watu wasikie, nikishindwa wanicheke, maana mimi bila kuchekwa siendi mbali.

Na aliyekuwa anasimama karibu yangu kunisikia kila Ijumaa ni swahiba wangu.

Huyu tulikuwa kumbi moja. Tuliingia jandoni pamoja, tukalala jani moja, kisu kilichomkata yeye ndicho kilichonikata mimi. Siku ile alilia yeye, mimi niliimba. Yeye anasema ilikuwa kinyume chake, lakini anayesimulia hapa ni mimi. Kwetu mtu wa kumbi moja na wewe si rafiki tu. Mkono wake ni mkono wako. Ukiumwa anakulimia, ukifiwa anakuchimbia kaburi, na akiingia nyumbani kwako habishi hodi.

Basi nikaanza. Nyengo mkononi, shoka begani, nafyeka huku naimba. Wiki ya kwanza nilisema nitafika kwenye kisiki cha mvule. Sikufika. Nilikutana na mzizi. Mzizi gani huo! Nikiuvuta huku, mti mmoja unatikisika upande wa Turiani. Nikapigana nao siku kucha, na Ijumaa ilipofika nilikuwa nimeung'oa, ila sijasogea hata hatua kutoka pale nilipoukuta.

Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe kama kobe, najihurumia, swahiba wangu akaja na kibuyu cha togwa. Kibuyu kizuri, shingoni kimefungwa uzi mwekundu. Begani ana mche wa mgomba.

"Umefika kisikini?" akaniuliza.

"Sijafika."

"Umefanya nini basi wiki nzima?"

"Nimeng'oa mzizi."

Akaushika ule mzizi, akauinua, akaugeuza. "Mzizi huu? Peke yako?" Akapiga mluzi. "Na unakaa hapa umenuna! Mtu amemng'oa babu wa mizizi yote ya Uluguru halafu amenuna! Hongera, bwana. Mama yangu kakukorogea togwa. Kunywa."

Nikanywa. Ilikuwa togwa tamu, imekorogwa na mtu anayejua kimea, imepoa kwenye maji ya kijito. Mwili wote ukafunguka.

"Ushindi kama huu hauachwi hivi hivi," akasema. "Tuuwekee alama. Mche huu tuupande hapa hapa ulipotoka mzizi. Kila wiki utakapofika, iwe padogo iwe pakubwa, tunapanda mgomba mmoja. Siku ya siku mkweo akija, anaona kazi yako imesimama kwa mstari."

Nikasimama nichukue mche.

"Kaa chini! Mshindi halimi siku ya sherehe yake. Wewe umechoka. Kunywa."

Nikakaa. Akachimba shimo, akapanda mche, akaushindilia kwa kisigino, akaunawisha kwa maji kidogo. Na mimi, nakwambia ukweli wa Mungu, nilimpigia makofi.

Ikawa desturi. Kila Ijumaa nasema nitafika mahali, kila Ijumaa sifiki. Sababu hazikukosekana. Mdachi naye alikuwa na shamba lake, shamba la mawe, lile la barabara. Akida anatuma askari, jumbe anapiga ngoma, wanaume wote tunateremka kwenda kuchimba njia ya magari, na gari lenyewe kijiji kizima hatuna hata gurudumu. Ukirudi, mgongo umekaa kama upinde na mteremko wako umeshaota nyasi upya. Wiki nyingine akaja nguruwe pori. Mnyama yule alikuwa mkubwa namna ambayo mgongoni kwake ndege wameweka viota. Nilimfukuza mpaka nikachanganyikiwa nani anamfukuza nani. Wiki nyingine nyuki. Hao sitaki kuwaongelea, walinichora uso mpaka mama yangu akaniuliza natafuta nani.

Lakini kila Ijumaa swahiba alikuwepo. Na kila Ijumaa alikuwa na hongera.

"Sijafika mkuyuni," namwambia.

"Mkuyu haukimbii. Nimeambiwa umepigana na nguruwe."

"Nimepigana, lakini yeye ndiye aliyeshinda."

"Uko hai, yeye yuko wapi? Amekimbia porini! Basi umeshinda. Shika kata."

Wiki ya nyuki nilikuwa nimesafisha mahali pa kutandika mkeka tu, tena mkeka wa mtoto. Akapazunguka kama anakagua shamba la sultani. "Unaona hapa? Hapa mkeo atakaa akichambua mboga." Nikaona kweli! Nikamwona binti amekaa pale, miguu ameinyoosha. Nikanywa togwa, yeye akapanda mgomba, nikapiga makofi huku jicho moja halifunguki.

Na siku moja nilikaribia. Wiki hiyo akida hakuita, nguruwe hakuja, mvua ya vuli ilikuwa imelainisha udongo, na ile Ijumaa baada ya swala nilikuwa nimebakiza kipande kidogo nifike kichuguuni. Nikashika nyengo nimalize. Swahiba akanishika mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Kichuguu kile pale. Mpaka jua lizame nimefika."

"Halafu tutasherehekea nini? Kazi hii hii ndogo ukiisherehekea leo, kesho utaifanya kwa moyo. Ukijiua leo, kesho utalala. Kaa bwana."

Na mimi nikakaa. Maneno yale yalikuwa mazuri. Mpaka leo nikiyaangalia moja moja sioni ubaya wake. Nilikunywa, nikasimulia habari ya nyuki kwa mara nyingine, safari hii nyuki wakiwa wakubwa kidogo. Kesho yake jumbe akapiga ngoma ya barabara.

Sasa alikuwepo bibi. Bibi mzaa mama wa yule binti, mama yake yule mjomba mtafunaji. Kwetu bibi na kijana anayetaka mjukuu wake ni watani. Yeye anakuita mume wake, wewe unamwita mke wako, mnatukanana mpaka watu wanapita wanashika mbavu, na hakuna anayekasirika. Bibi huyu njia yake ya kwenda kuokota kuni ilipita juu ya mteremko wangu.

"Mume wangu!"

"Shikamoo, mke wangu mkubwa!"

"Marahaba. Leo umelima nini, kitanda cha panya?"

"Nimelima mpaka jembe limeniomba radhi."

"Ndiyo maana nimeliona limelala kivulini, na wewe umelala juu yake unalibembeleza."

Ndivyo tulivyokuwa. Meno hakuwa nayo, lakini ulimi ulikuwa unatosha kwa kazi zote mbili. Siku moja akasimama pale juu muda mrefu, mzigo wa kuni kichwani, anaangalia migomba yangu iliyojipanga ukingoni. Ilikuwa imeshika vizuri, majani mapya yamefunguka kama masikio ya tembo.

"Watoto wazuri hawa," akasema. "Baba yao nani?"

"Swahiba wangu ananisaidia kupanda, mke wangu."

"Anakusaidia."

"Kila Ijumaa. Hajakosa hata moja."

"Na wewe mikono yako ina upele?"

"Mikono yangu inakuwa imeshika kata ya togwa, inafanya kazi."

Akasogeza mzigo wake kichwani. "Basi na siku ya harusi akusaidie. Wewe shika kata."

Nilicheka! Nilicheka mpaka nikateleza, nikaserereka kwa makalio hadi kwenye mihogo ya watu. Nikamwambia, "Mke wangu, wewe utaniua!" Yeye hakucheka. Nikadhani ni kwa sababu hana meno.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Bibi angekuja usiku akaninong'oneza, ningeshtuka. Lakini alinijia kwa utani, na utani ndio chakula changu, nikaumeza bila kutafuna. Nadhani aliona hawezi kusema wazi. Swahiba naye alikuwa kijana wa hapa hapa, na bibi mzima hawezi kusimama njiani akamwita mtoto wa watu mwizi, na hajaiba bado. Aliweka neno pale nilipokuwa naweza kulikuta. Mimi nikalikanyaga.

Basi mawingu ya masika yakaanza kukaa kwenye vilele. Nilikuwa nimefyeka, nimechoma, nimeng'oa. Kijitoni sikufika. Katikati ya shamba langu na kijito palibaki kipande cha pori, upana wa kurusha jiwe, kwa mtu asiyejua kurusha. Mbegu zangu za mahindi na za mpunga wa mlimani zilikuwa ndani ya kikapu nyumbani, zinangoja tone la kwanza.

Mjomba akaja na wazee wa ukoo wake. Bibi naye akaja, akakaa chini juu ya kanga yake kama amekuja ngomani. Swahiba wangu alikuwepo, nilimwita mwenyewe. Ningekwendaje mbele ya wakwe bila mtu wa kumbi yangu?

Mjomba akatembea kutoka jiwe kama kobe mpaka pale nilipoishia. Akasimama. Akatafuna.

"Hujafika kijitoni."

"Nimebakiza kidogo, mjomba. Nadhani kijito chenyewe kimesogea."

Wazee wakacheka. Na mjomba, naapa, mdomo wake ulijikunja upande mmoja. Akageuka, akatazama visiki vilivyoungua, akatazama jivu, akapiga udongo kwa kidole cha mguu.

"Nimeona," akasema. "Akida amewachosha, najua. Hii ni kazi ya mtu. Hiki kilichobaki utamalizia."

Umesikia? Utamalizia! Ningeishia pale ningekuwa na mke. Yale yote niliyofanya huku nashindwa kila wiki, ukiyakusanya, yalikuwa yanatosha. Hilo ndilo linaloniuma hata leo, kwamba yalikuwa yanatosha.

Kisha mjomba akaelekea kwenye migomba. Akashika jani la mmoja, akaliachia.

"Migomba hii ni mkono wa nani?"

Nilifungua mdomo niseme "wetu". Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Wangu," akasema swahiba.

Nikacheka. Nilikuwa wa kwanza kucheka, na nikawa peke yangu. Nikamwangalia nione kama anacheka kwa macho, maana tulikuwa na mtindo huo. Hakuwa anacheka kwa kitu chochote.

"Wote?" mjomba akauliza.

"Wote."

"Nani shahidi?"

Akaninyooshea mimi kidole. "Yeye. Muulizeni kama upo hata mmoja alioupanda. Muulizeni alikuwa anafanya nini wakati napanda."

Mjomba akanigeukia. Safari hii hakutafuna. "Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakunywa togwa," nikasema. Na kwa sababu mdomo wangu haujui kusimama, nikaongeza: "Na nilikuwa napiga makofi."

Maisha yangu yote nimetafuta neno la kuchekesha kama lile. Hakucheka mtu.

"Lakini nimefyeka mimi!" nikasema. "Visiki hivi vyote! Mzizi ule!"

"Visiki vimeungua," mjomba akasema. Hakusema kwa ubaya. "Hapa kinachoota ni nini? Nionyeshe kinachoota ambacho ni mkono wako."

Mbegu zangu zilikuwa kikapuni, zinangoja mvua.

"Nilimwambia," bibi akasema kutoka chini alipokaa.

"Bibi, ulinitania!"

"Na ningekwambia namna gani, mume wangu? Kuna siku umewahi kusikia neno ambalo si utani?"

Wazee wakasogea pembeni, wakanong'ona. Hawakuchukua muda. Kwao ilikuwa wazi: mwenye migomba ameshakuwa wa hapo, na mwenye migomba ndiye atakayezungumza nao habari ya binti. Swahiba alikuwa amejiandaa, maneno alikuwa nayo tayari. Na mimi nikapewa ahsante ya kufyeka, kikapu cha mahindi, kama kibarua aliyetoka Ngerengere kutafuta chakula. Nikakipokea. Ungefanya nini? Nilikuwa na njaa, na kikapu kilikuwa kimejaa.

Nikamfuata swahiba njiani.

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Tumelala jani moja."

Akasimama. Sikuwahi kumwona amechoka namna ile. "Unakumbuka tulivyotoka jandoni? Walitupokea kwa kuku. Wewe ulikuwa umeshaimba, umeshapiga kelele, umeshawachekesha akina mama wote. Wewe ukapewa kuku mzima. Mimi nikapewa shingo."

"Lakini nilikugawia!"

"Ulinigawia," akasema. "Mbele ya watu. Ukapigiwa vigelegele kwa kugawa." Akatengeneza nguo begani. "Wewe unapenda kupongezwa. Nimekupongeza. Kila Ijumaa nimekupa ulichokuwa unakitaka. Mimi nilikuwa nataka shamba."

Akaenda zake. Nikabaki njiani na kikapu. Nikaanza kuhesabu Ijumaa zangu kwa vidole. Nikaona kwamba alikuwa ameweka ahadi yake ya wiki kama mimi, mche mmoja kila Ijumaa, na wala hakuisema nje ya msikiti. Mimi sikufika hata wiki moja. Yeye hakukosa hata moja.

Binti nilikutana naye kijitoni siku chache baadaye. Maneno yalikuwa yameshapita, vitu vya posa vimeshapokelewa. Nilitaka kupita kama simwoni. Yeye ndiye aliyeanza.

"Wewe una kiburi," akasema.

"Mimi?"

"Kila Ijumaa nakutumia togwa. Nasaga kimea mwenyewe, nakesha na moto. Wiki zote hizo hukurudisha hata neno moja. Hata 'nimepata'."

"Togwa gani?"

"Ya kwenye kibuyu. Nilikufungia uzi mwekundu ujue ni mimi."

Nikakaa kwenye jiwe.

"Aliniambia ni ya mama yake," nikasema.

Alikuwa ameshika mtungi, akautua chini polepole. Nilimwona anarudi nyuma kichwani mwake, Ijumaa moja, Ijumaa nyingine, anakuta kila mahali pana mtu huyo huyo amesimama ananyoosha mkono apokee kibuyu.

"Ilikuwa tamu?" akaniuliza mwishowe.

"Ilikuwa tamu mpaka nikapiga makofi."

Akacheka. Kidogo tu, halafu akafunika uso kwa kiganja, akakaa hivyo. Alipoondoa kiganja akainama kuchota. Maji siku ile hayakupanda yenyewe. Alichota kwa kata, kata baada ya kata, mtungi ukajaa, akajitwisha, akaenda kwao. Akaolewa. Mimi nilisikia ngoma nikiwa ng'ambo, na nitasema kweli, ngoma ilikuwa nzuri.

Lakini alijua. Nilirudi nyumbani siku ile ya kijitoni nikiwa nimenyang'anywa kila kitu, na bado nikawa najiambia: anajua. Kilikuwa kiushindi kidogo, hata kwenye kiganja hakijai. Nikakishika hivyo hivyo.

Mjomba wangu mimi, kaka wa mama yangu, akanionea huruma akanipa kipande cha ardhi yetu upande wa pili wa bonde. Mawe matupu. Ukipiga jembe, cheche zinaruka mpaka unaweza kuwasha kiko. Nikasimama nje ya msikiti, Ijumaa, nikasema kwa sauti: "Ijumaa ijayo, inshallah, nitafika kwenye jiwe lile jeupe." Watu wakatazamana. Sikufika. Nilikuwa nimehamisha mawe ya kutosha kuzungushia kuku mmoja aliyekonda. Nikaenda kwa mama yangu nikachukua mche wa mgomba, nikaupanda kwa mikono yangu, udongo mpaka kwenye viwiko. Togwa nilikoroga mwenyewe pia. Sijui kukoroga togwa. Ilikuwa chachu namna ambayo nzi akitua anapiga chafya. Nikainywa yote, nikajipigia makofi, na bonde likanirudishia. Kutoka pale, ukitazama ng'ambo, unaiona migomba ya swahiba imejipanga, mirefu, mmoja kwa kila Ijumaa yangu.

Ilipozaa, akaniletea bibi chana la ndizi. Alikuja nalo taratibu, ananyanyua mguu mmoja kama anaomba ruhusa kwa ule mwingine.

"Mume wangu, umeletewa."

Nikaangalia mikono yake kwanza. "Na nani?"

"Na mwenye migomba. Anasema hongera kwa shamba jipya."

"Na mjukuu wako anasemaje?"

Bibi akaniangalia. Ndizi zilikuwa zimefungwa kwa uzi mwekundu. "Hajasema," akajibu, akageuka, akaanza kushuka.

Nikaweka ndizi zile juu ya jiwe jeupe. Nikaapa: hizi sizili mpaka Ijumaa. Mpaka Ijumaa nitakuwa nimeamua kama nazitupa kwa nguruwe au namrudishia mwenyewe mlangoni kwake, mbele ya watu. Hiyo ndiyo ikawa ahadi yangu ya wiki.

Bibi alikuwa hajapotea kwenye kona nimeshamenya ya kwanza. Ilikuwa tamu. Nilitaka iwe na uchungu, niliingoja kwenye ulimi iwe na uchungu, ikakataa. Udongo ule niliulainisha mimi, jivu lile nilichoma mimi, na mzizi ule nilimng'oa mimi babu yao. Nikala chana zima. Kisha nikafungua uzi mwekundu, nikaufunga kwenye mpini wa nyengo yangu, nikakaa katikati ya maganda, nikapiga makofi. Polepole tu, bibi asisikie.